Mambo mengi, mikono miwili: mwongozo kamili wa kupanga hobi zako kwa zamu

Kuna mtu anayetaka kujifunza Kifaransa, kupiga gitaa, kujishonea nguo, kukimbia kilomita 10 bila kusimama, kulima mboga kwenye viroba nyuma ya nyumba, na kusoma vile vitabu vilivyokaa kabatini tangu mwaka juzi. Ana kazi, ana familia, ana vikao vya harusi. Watu humwambia mshika mbili moja humponyoka, achague jambo moja awe bingwa. Ushauri huo unamfaa anayetafuta ubingwa. Mwenye mapenzi sita akiyakata matano, mara nyingi hata lile lililobaki hudoda, kwa sababu yalikuwa yakitiana nguvu.

Mkulima ana jibu bora zaidi. Hapandi kila mbegu siku moja, wala hashikilii zao moja maisha yake yote. Ana mahindi na maharage yanayokaa pamoja bila kugombana, ana zao la masika na zao la vuli, ana kipande alichokiacha kipumzike, na ana mbegu zilizohifadhiwa pakavu. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: mambo matatu kwa zamu ya wiki 12, mengine yakihifadhiwa vizuri hadi zamu yao ifike. Mifano ni ya mfanyakazi wa Dar es Salaam. Aliye Mombasa, Kigoma au Muscat abadilishe majira na saa za kazi tu, hesabu ni ileile.

Karatasi ya kwanza

Keti na karatasi moja na kalamu, dakika 20. Andika kila jambo ulilowahi kutamani kulifanya na bado linakuvuta. Usichuje. Wengi hufika 10 hadi 15.

Sasa futa majina uweke vitendo. "Muziki" haupangiki kwenye ratiba. "Kupiga nyimbo tatu kwa gitaa huku nikiimba" unapangika. "Kilimo" hakipangiki. "Kula mchicha wangu mwenyewe mara mbili kwa wiki" unapangika. Kila mstari uanze na neno la kutenda na uwe na kitu kinachoonekana mwishoni. Jambo lisiloweza kuandikwa hivyo, liache chini ya karatasi: bado hujajua unataka nini kwalo.

Kisha pembeni ya kila mstari weka moja ya herufi tatu. O ni kuonja: unataka tu kujua ladha yake, na saa 6 zinatosha. W ni kuweza: unataka kulifanya bila msaada wa mtu, na hapo hesabu saa 40 hadi 100. B ni kubobea: unataka lifike mbali, na hilo ni la miaka. Kosa kubwa tunaloliona ni watu kuandika B mbele ya kila kitu. Mtu anayetaka kujua kuoka mkate wa ufuta hahitaji kuwa mwokaji. Jumamosi mbili zinatosha, aupike, aule, afurahi, alifute jambo kwenye orodha. Ukiwa mkweli, utakuta theluthi moja ya orodha ni O. Hizo ndizo za kumaliza haraka, na kuzimaliza huleta nafasi kichwani.

B zisizidi mbili maisha yako yote. Hapo hatuna namna ya kulainisha.

Pima wiki yako kabla ya kuigawa

Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka saa 45 kuwa kikomo cha kawaida kwa wiki, kwa hiyo tuanzie hapo. Usingizi wa saa 7 na nusu kila usiku ni saa 52 na nusu. Safari ya kwenda na kurudi, tuseme saa 2 na nusu kwa siku 6, ni saa 15. Kula, kuoga na kuvaa, saa 2 kwa siku, ni 14. Kazi za nyumbani, watoto na ibada, saa 3 kwa siku, ni 21. Harusi, misiba, wageni na vikao, weka 6. Jumla ni saa 153 na nusu. Zinabaki 14 na nusu.

Hizo 14 na nusu si zako zote. Zimo za umeme kukatika, foleni ya mvua, mtoto kuamka na homa, na uchovu wa kweli unaodai kukaa tu. Panga nusu yake: saa 7. Anayepanga 14 hushindwa wiki ya kwanza, akajiona mvivu, akaacha. Anayepanga 7 huzipata karibu kila wiki.

Hesabu yako itatofautiana, kwa hiyo ipime. Kwa siku 7 beba karatasi iliyokunjwa mfukoni, uandike mara nne kwa siku: ukifika kazini, baada ya chakula cha mchana, ukifika nyumbani, na kabla ya kulala. Kila mara andika saa zilizopita zilikwendaje, kwa vipande vya nusu saa. Usingoje kuandika yote usiku, maana kumbukumbu hupunguza muda wa simu na kuongeza muda wa kazi. Usichague wiki ya mwisho wa mwezi wala wiki ya sikukuu. Simu nyingi zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha saa ulizotumia kila programu. Iangalie siku ya saba, uilinganishe na karatasi.

Mama mwenye mtoto mchanga, au mtu anayemuuguza mzazi, anaweza kukuta zimebaki saa 3 tu, tena za vipande. Hesabu yake ni halali vilevile. Achukue jambo moja badala ya matatu, la vipande vya dakika 15, na asijilinganishe na kijana anayeishi peke yake Sinza.

Na msiibe usingizi. Anayelala saa 5 kwa usiku kadhaa mfululizo hupoteza uwezo wa kushika anachojifunza, kwa hiyo ile saa aliyoiiba haimfai kitu.

Chagua matatu yasiyogombana

Mambo hugombana yanapokula chakula kimoja. Lugha, kuandika, hesabu na kujifunza kutengeneza programu za kompyuta hula akili iliyoamka. Kushona, useremala, kupika na kusuka hula mikono na nafasi ya meza. Mbio, kuogelea na mpira hula mwili. Kusoma na kusikiliza hula utulivu. Kwaya, timu na bao hula watu, yaani hutegemea ratiba za wengine.

Chagua matatu kutoka makundi matatu tofauti. Kifaransa na kuandika hadithi kwa pamoja ni kupanda mahindi mawili shimo moja: yote yanataka alfajiri, yote yanachosha kichwa, na moja litanyauka. Kifaransa, mbio na gitaa hukaa pamoja vizuri, kwa sababu uchovu wa moja ni pumziko la jingine.

Katika hayo matatu, moja liwe la kwanza. Kwa saa 7 za wiki gawa hivi: la kwanza saa 4, la pili saa 2, la tatu saa 1. Kati ya wiki 12, wiki 10 ni za kazi na 2 ni za kufunga na kupumzika. La kwanza linapata saa 40, la pili 20, la tatu 10. Kwa saa 40 utapata nini? Ngazi ya A1 ya Kifaransa, yaani ile ya mwanzo kabisa, kwa kawaida huhitaji saa 60 hadi 100 za masomo. Kwa hiyo saa 40 peke yake hazikufikishi, ila ukiongeza nusu saa ya kusikiliza kwenye daladala kila siku ya kazi, yaani saa 30 kwa zile wiki 10, unaingia mlangoni. Kwenye gitaa, saa 20 zinatosha mishiko ya vidole iitwayo G, C na D na kuhama kati yake bila kusita sana. Kwa ushonaji, saa 40 ni sketi ya lastiki, gauni rahisi, na shati moja litakalokutoa jasho kwenye kola.

Zamu 4 za wiki 12 ni wiki 48. Wiki 4 za mwaka zinabaki, na zisipangiwe kitu chochote: ziwekee sikukuu, safari ya kijijini, au ugonjwa.

Kila jambo na saa yake

Alfajiri, saa 11 hadi saa 12, ni ya jambo linalokula akili. Hakuna anayekupigia simu, kichwa ni safi. Sharti lake ni kulala saa 3 na nusu usiku. Kama nyumba yenu hailali kabla ya saa 5, acha alfajiri, tumia saa ya chakula cha mchana kazini: dakika 15 za kula, dakika 30 za kusoma, mbali na meza wanapokaa wenzako.

Daladala ina mipaka yake. Ukisimama huwezi kusoma, na simu iliyoshikwa dirishani kituoni hunyakuliwa. Pakua masomo ya sauti nyumbani, weka simu mfuko wa mbele, sikio moja tu liwe na kisikilizio. Ukipata kiti, tumia kadi za karatasi: kata karatasi ngumu vipande 40 vya ukubwa wa kiganja, neno la Kifaransa upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, zifunge kwa mpira. Kadi haiishi chaji wala haiibiwi.

Kadi hizo zina utaratibu. Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo rudia neno baada ya siku 1, kisha 3, 7, 14 na 30. Anza na maneno 7 mapya kwa siku, si 20. Ukiweka 20, wiki ya tatu utakuwa na marudio mengi kuliko safari yenyewe, na hapo ndipo watu hutupa kadi zote.

Usiku saa 2 hadi saa 3, akili imechoka lakini mikono bado. Hapo ni kushona, gitaa, kukata karatasi. Gitaa hasa linataka vipande vifupi: dakika 15 kwa siku tano ni bora kuliko saa nzima Jumamosi, kwa sababu ncha za vidole zinauma na sugu huota baada ya wiki 2 hadi 4 za kugusa nyuzi mara kwa mara. Anayepiga Jumamosi tu huumia upya kila Jumamosi.

Kushona ni kinyume chake. Kutoa cherehani, kutandaza kitambaa na kupima hula dakika 25 kabla hujashona hata mshono mmoja. Kwa hiyo kigawe: Jumamosi saa 2 za kupima, kuchora kwa chaki na kukata. Jumatatu na Jumatano usiku kushona vipande vilivyokwisha kukatwa. Kupinda pindo na kutia vifungo kwa mkono hufanyika sebuleni mkizungumza. Usikate usiku ukiwa umechoka. Mshono uliokosewa hufumuliwa, kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi.

Mbio ziwe siku 3 kwa wiki, zisifuatane, dakika 30 kila mara. Wiki ya kwanza kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10. Kila wiki ongeza nusu dakika ya kukimbia na upunguze kidogo ya kutembea. Wanaoumia magoti na ugoko ni wale walioanza na kilomita 5 siku ya kwanza kwa sababu pumzi iliwaruhusu. Mapafu huzoea mapema kuliko mifupa na kano. Mwezi wa 7 Dar kuna giza hadi karibu saa 12 na robo asubuhi, kwa hiyo subiri mwanga au kimbia na wenzako.

Bustani ya viroba haihitaji kuhesabiwa sana. Dakika 10 asubuhi au jioni za kumwagilia, viroba 6 vya udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kila kiroba na matundu chini. Mchicha huchumwa baada ya wiki 3 hadi 4. Sukuma wiki hutaka wiki 6 hadi 8. Kumbuka tu kwamba mboga hazijui zamu: ukisafiri siku 5 wakati wa jua kali, tafuta mtu wa kumwagilia kabla hujaondoka.

Dakika tano za mwanzo ndizo zinazoua

Tukiulizwa sababu moja kubwa ya watu kuacha wanachokipenda, hatutasema muda. Tutasema maandalizi. Una dakika 30, lakini gitaa limo kwenye mfuko wake juu ya kabati, nyuzi zimelegea, kitabu cha mazoezi hakionekani. Dakika 12 zimekwisha, ukachukua simu.

Dawa ni kukiweka kila kitu mahali pake pa kufanyia kazi, kikiwa tayari, usiku uliotangulia. Gitaa litundikwe ukutani kwa msumari imara au lisimame kwenye kona isiyo na jua. Cherehani liwe na uzi ndani na bobini imejaa. Viatu vya mbio vikae mlangoni na soksi ndani yake. Kwa kila jambo tafuta kikapu kimoja kinachobeba kila kitu: cha ushonaji kina mkasi wa kitambaa, tepu ya kupimia, chaki, pini 30, sindano za mkono na nyuzi za rangi tatu. Mkasi huo usikate karatasi hata siku moja, utakuwa butu. Kikapu cha lugha kina daftari, kadi, kalamu mbili.

Kisha, kila unapomaliza, andika kwenye kipande cha karatasi sentensi moja ya jambo la kufanya mara ijayo, ukiacha karatasi juu ya kikapu. "Unganisha mabega, upande wa kulia kwanza." "Rudia kuhama kutoka C kwenda G mara 50." Tunakuomba usiliruke hili. Mwenye mambo matatu anaruka kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine, na kichwa hubaki nyuma kwa muda kikiwa bado kwenye kile cha kwanza. Sentensi ile hukivuta mara moja, na hugharimu sekunde 20.

Umeme ukikatika uwe na shughuli mbadala ya kila jambo: kadi badala ya masomo ya simu, kupinda kwa mkono karibu na taa ya kuchaji badala ya cherehani la umeme. Gitaa halina tatizo gizani. Mazoezi ya gizani hufundisha vidole kujua njia.

Siku mbaya, na siku mbili mbaya

Kwa kila jambo weka kiwango cha chini kabisa cha kufanywa hata ukiwa hoi: kadi 5, dakika 5 za gitaa, kutembea hadi dukani na kurudi kwa mwendo wa haraka, kurasa 2 za kitabu. Siku nzuri unafanya kamili, siku mbaya unafanya cha chini, na zote mbili zinapata alama ileile kwenye kalenda.

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Ilichukua kama siku 66 kwa wastani jambo kuanza kujiendesha lenyewe, wengine siku 18 tu, wengine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Ndiyo sababu zamu yetu ni ya wiki 12, yaani siku 84, na si mwezi mmoja. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, usiifidie Jumatano kwa kufanya mara mbili. Fanya ya Jumatano tu. Deni la hobi lisipolimbikizwa halitishi. Ila zikipita siku mbili zilizopangwa bila hata kiwango cha chini, simama uulize kilichobadilika: saa imekuwa mbaya, au jambo lenyewe ni gumu kupita hatua yako? Hamisha saa kwanza. Mara nyingi ni saa.

Watu wa nyumbani

Muda wako umefungamana na wa wengine, na mpango uliotungwa kimyakimya huonekana kama kutoroka. Zungumzeni kabla ya zamu kuanza, kwa siku na saa zilizotajwa. "Baba Neema, Jumatatu na Jumatano kuanzia saa 2 mpaka saa 3 usiku nitakuwa chumbani nashona, watoto watakuwa wamekula. Wewe chagua siku zako mbili, nami nitakuwa nao." Ombi la namna hii hujibiwa kwa urahisi kuliko "nataka muda wangu", kwa sababu lina mwanzo, mwisho na zawadi kwa mwenzako.

Katika nyumba nyingi mama ndiye anayefanya sehemu kubwa ya zile saa 21 za nyumbani. Mume anayepata saa 7 za mbio na gitaa huku mkewe hana hata moja, hajapanga muda, amechukua wa mwenzake. Gawaneni kazi kwanza, ndipo mgawane starehe.

Watoto wa miaka 5 na kuendelea waingizwe ndani ya jambo. Wape kiroba kimoja cha mchicha kiwe chao, wape kadi wakuulize maneno. Wakwe na ndugu hawahitaji maelezo. Wakija, karibisha, fanya kiwango cha chini baada ya kuondoka kwao.

Pesa

Usinunue kifaa kikubwa kabla ya wiki 4 za kufanya jambo kwa kifaa cha kuazima, cha kukodi au cha mtumba. Wiki 4 zinatosha kujua kama unapenda kufanya au unapenda kumiliki. Isipokuwa viatu vya mbio: hivyo nunua vinavyokutosha mapema, hata vya mtumba, mradi soli ya ndani haijabonyea.

Weka kiasi kimoja cha pesa kwa zamu nzima, si kwa kila jambo, ukitenge siku ya mshahara. Kikiisha kimeisha. Tafuta pia palipo na watu na vifaa tayari: Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam na maktaba za mikoa kwa wasomaji, fundi cherehani wa mtaani kwa masomo ya Jumamosi, Alliance Française kwa Kifaransa. Aliye Zanzibar ana bahati ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho hufundisha udi, kanuni na fidla.

Tamaa mpya wiki ya tano

Itakuja. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 jambo la kwanza linakuwa gumu, utamu wa ugeni umekwisha, na ghafla upigaji picha unaonekana ndio ulioumbiwa. Usiipige vita tamaa hiyo, na usiifuate. Fungua daftari la kusubiri, andika jambo, tarehe, na sababu inayokuvuta. Unaruhusiwa saa 2 za kuonja, Jumapili moja tu, bila kununua chochote. Kisha rudi kwenye zamu. Mwishoni mwa wiki 12 soma daftari. Mengi yatakuwa yamepoa, na yaliyo bado moto yana haki ya nafasi.

Kuangalia video za jambo si kulifanya. Iwe dakika 1 ya kuangalia kwa dakika 4 za kutenda, na bando lako litakushukuru pia.

Kufunga zamu na kuhifadhi

Wiki mbili za mwisho hazina somo jipya. Wiki ya 11 maliza kilichoanza: tia vifungo vya shati, rekodi nyimbo mbili kwenye simu, kimbia umbali wako wote ukitazama saa. Wiki ya 12 hifadhi.

Kila jambo huharibika kwa njia yake, kwa hiyo na uhifadhi wake ni tofauti. Uzoefu wa mikono, kama kushona au kuendesha baiskeli, hukaa miaka. Hifadhi kifaa tu: ondoa vumbi la nyuzi kwenye cherehani kwa brashi, tia tone moja la mafuta ya cherehani kila tundu lake, acha kipande cha kitambaa chini ya mguu wa kukandamiza, funika. Usitumie mafuta ya kula, huganda na kukwamisha. Gitaa liwe mbali na jua na joto la bati. Nyuzi zilegezwe kidogo, zisivuliwe.

Lugha husahaulika haraka, haiwezi kukaa bure. Ipe dakika 15 kila Jumapili za kadi za zamani, bila neno jipya, kwa muda wote inaposubiri. Pumzi ya mbio huanza kushuka baada ya wiki 2 hadi 3 bila mazoezi, kwa hiyo baki na mbio moja ya dakika 30 kwa wiki, au kubali utarudi ngazi chache nyuma bila kujilaumu. Viroba vya mboga ama viendelee kama kazi ya nyumbani, ama uvune vyote, umwage udongo kivulini, uuchanganye na samadi ungoje.

Kisha andika ukurasa mmoja wa kila jambo: nilipofika, kilichokuwa kikinishinda, vifaa viko wapi, na hatua ya kwanza nikirudi. Ukurasa ukae ndani ya kikapu. Anayehifadhi bila ukurasa huu hurudi baada ya miezi sita akaanza tena somo la kwanza, na huyo ndiye husema amejaribu Kifaransa mara nne.

Mwaka wa mfano, Dar es Salaam

Januari hadi Machi, joto kali: Kifaransa la kwanza alfajiri, gitaa la pili, kitabu kimoja la tatu. Mbio zisubiri.

Aprili hadi Juni, masika yakimwagika kisha yakikatika: kushona la kwanza, kwa kuwa mvua inakuweka ndani, kusoma liendelee la pili, mchicha la tatu mvua zikipungua. Kadi za Kifaransa Jumapili tu.

Julai hadi Septemba, kipupwe: mbio la kwanza, hewa ni ya baridi na barabara ni kavu. Kifaransa kirudi la pili, mapishi mapya la tatu.

Oktoba hadi mwanzo wa Desemba, vuli: jambo moja kutoka daftari la kusubiri lipewe nafasi ya kwanza, kushona la pili kwa nguo za sikukuu, kusoma la tatu. Desemba iliyobaki haina ratiba.

Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mfungaji aitazame kwenye kalenda kabla ya kupanga. Mwezi huo mbio na saa za alfajiri zibadilike zote. Wengi huona muda baada ya daku na sala ya alfajiri, kabla ya kazi, ukiwa mzuri sana kwa kusoma, na usiku wakauachia ibada na jamaa.

Zamu ianze Jumatatu. Jumapili inayotangulia, jioni, toa kikapu cha jambo la kwanza, kiweke mahali pa kufanyia kazi, fungua ule ukurasa, na usome mstari wa mwisho ulioandika.